Spika ya matairi ya wati 3000 au kiboksi cha kilo nane? Ampu ya betri kwa gitaa, udi na sauti

Swali limetoka kwa kijana wa Mjini Unguja, nalifupisha: "Assalaam alaykum kaka. Tuko watatu, mimi naimba na gitaa kavu, mwenzangu anapiga udi, wa tatu dumbak. Jioni tunapiga Forodhani na vichochoro vya Mji Mkongwe, mara nyengine tunaitwa Nungwi ufukweni. Umeme hakuna. Dukani tumeoneshwa spika ya matairi, inchi 15, imeandikwa wati 3000, ina taa, maiki mbili zisizo na waya, na betri eti inakaa masaa manne. Pesa tuliyonayo ni ya kitu kimoja tu. Tuichukue au tutafute nini?"

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nianze na jibu ndo nieleze: hiyo iacheni. Sisemi ni mbovu, kwa shughuli ya uwani ambapo mtu anacheza nyimbo kwenye simu na MC anaongea inafanya kazi yake vizuri tu, lakini imetengenezwa kwa kazi nyengine na nyinyi mna udi. Udi ndo unaoamua hapa, nitafika huko.

Kwanza hizo wati 3000. Muulizeni muuzaji betri ya ndani ni ya ngapi. Nyingi ya spika hizo zimewekwa betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7. Zidisha 12 kwa 7 unapata 84, yaani betri nzima ikiwa imejaa pomoni ina wati-saa 84. Kitu kinachokula wati 3000 kingeimaliza betri hiyo chini ya dakika mbili, na yeye anawaambia masaa manne, basi gawanya 84 kwa 4 mnapata 21. Wati 21 ndo wastani unaotoka humo kweli kama masaa manne ni ya kweli. Tusimuonee lakini, muziki una kupanda na kushuka na wastani wa 21 haumaanishi kilele hakiwezi kuruka juu zaidi, ila 3000 haipo, wala 300. Na ampu inayotumia volti 12 moja kwa moja, bila saketi ya kuzipandisha, ikisukuma spika ya ohmu 4 haivuki wati 18 hivi za sauti safi, ukizidisha hapo inakwaruza. Ndo maana redio ya gari imeandikwa wati 50 mara nne na kila mtu anayeijua kazi hii anajua kuwa theluthi yake haiko mbali na ukweli. Namba ya kuuliza ni ile ya RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo. Ikiwa karatasi nzima haina RMS na kuna PMPO tu, hiyo namba ni ya kupamba boksi.

Lakini hata hizo wati za kweli, kuziongeza hakukupi unachofikiria. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), kitu ambacho msikilizaji anakihisi kidogo sana. Ili mtu asikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Na mahali pa wazi kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6, kwa hiyo kinachosikika hatua moja kutoka kwenye spika, hatua nane mbele kimeshapungua desibeli 18. Chukulia spika ya kawaida inayotoa desibeli 90 kwa wati moja mita moja. Kwa wati 25 unapata 104 pale pale, na mita nane mbele 86. Kwa wati 50, mita nane hizo hizo, unapata 89. Hizo 86 zinatosha kabisa kwa duara la watu waliosimama kuwasikiliza, na nyinyi hamuhitaji kumfikia mtu anayenunua zanzibar pizza upande wa pili wa bustani. Huyo muacheni ale kwa amani.

Kwa hiyo wati 25 mpaka 50 za kweli zinatosha Forodhani, ufukweni kidogo zaidi kwa sababu hakuna ukuta wowote wa kurudisha sauti na mawimbi nayo yanapiga kelele yao, na kwenye vichochoro hata 10 ni nyingi maana zile kuta za mawe zinairudisha kila upande. Ile mnayotaka kununua ni kubwa mahali msipohitaji ukubwa na ndogo mahali mnapouhitaji.

Na mahali penyewe ni hapa. Tatizo la wapigaji wa ala kavu barabarani ni spika kulia. Kuna kulia kwa aina mbili na watu wanazichanganya. Maiki ya kuimbia inapiga mluzi mwembamba, huo unaujua. Gitaa na udi vinanguruma, uuuuuu, chini kabisa, na mnguruma huo unatoka kwenye tumbo la ala. Tumbo la gitaa lina noti yake lenyewe, karibu na hezi 100. Spika ikitoa noti hiyo, ubao wa juu wa gitaa unatikisika wenyewe bila hata mkono kugusa nyuzi, pikapu inaunasa mtikisiko ule na kuurudisha kwenye spika, spika inautoa mkubwa zaidi, na mzunguko umeshaanza. Udi ni mgumu zaidi maana bakuli lake ni kubwa, ubao wa juu ni mwembamba sana, na matundu yale ya nakshi yako wazi yote. Sasa fikirieni spika ya inchi 15 ambayo kiwandani imeshatiwa besi ili nyimbo za simu zitingishe, na kitufe cha kuipunguza hakuna au kipo lakini hakifanyi lolote la maana. Inatupa kwa nguvu noti zile zile ambazo udi unaziogopa. Mtamuona mwenzenu anaubana udi kwa mkono kila wimbo ukisimama, na sauti yake haitopanda kamwe kufikia yako.

Spika ya inchi 8 inatosha kabisa, hata 6 iliyotengenezwa vizuri. Noti ya chini kabisa ya gitaa ni hezi 82, hamna gitaa la besi wala kinanda, hiyo inchi 15 mtaibeba bure. Mnachohitaji kwenye besi ni uwezo wa kuzikata, tena kila njia (yaani kila tundu la kuingizia na vitufe vyake) peke yake, ili ukate kwenye udi bila kuifanya sauti yako iwe nyembamba. Ikiwa na kitufe cha kugeuza fezi (kupindua wimbi la sauti) au cha kukata noti moja tu inayonguruma ni bora zaidi, ampu nyingi za gitaa kavu zinacho, za matairi hazina. Kwa gitaa kuna kizibo cha mpira cha kuziba tundu, ni kitu kidogo cha bei ndogo na kinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Dumbak msiitie maiki. Nimesema. Barabarani dumbak linajitosheleza, na ndilo linalowaambia nyinyi wawili mpandishe sauti kiasi gani: mkilisikia vizuri bila kulisaidia, mizani iko sawa. Mkianza kulipandisha na lenyewe mtaishia kushindana na hakuna atakayesikia maneno.

Sasa njia za kuingizia, hapa ndo ninapotaka mtulie kabla hamjatoa pesa. Hesabuni: sauti yako moja, gitaa moja, udi mmoja. Njia tatu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja na kila moja ina volyumu yake. Ampu nyingi zinaandika "njia tatu" na ya tatu ni ya simu tu. Bose S1 Pro ile ya mwanzo, iliyotoka 2018, ni mfano, kiboksi kizuri sana, kilo 7 hivi, betri masaa mpaka 11, sauti yake ya mwimbaji inaeleweka mno, lakini ina njia mbili kamili na ya tatu ni ya simu na Bluetooth. Sauti na gitaa vimeshajaa, udi uende wapi? Itabidi mnunue miksa ndogo ya betri na nyinyi pesa ni ya kitu kimoja. Kwa mtu mmoja anayeimba na gitaa ningemwambia aichukue kesho, kwenu hapana.

Halafu aina ya tundu. Maiki ya kuimbia inataka tundu la XLR, lile la pini tatu. Gitaa na udi wenye pikapu ya piezo, ile inayonasa mtikisiko wa ala, unataka tundu la jeki lililoandikwa gitaa au Hi-Z, lenye ukinzani wa megaohmu 1 au zaidi. Mkichomeka piezo kwenye tundu la maiki, ambalo ukinzani wake ni kilohmu chache tu, besi na joto lote la ala linapotea na kinachobaki ni kukwaruza kwa risha kwenye nyuzi, watu wanadhani pikapu mbovu kumbe tundu ndo si lake. Ikiwa udi una pikapu ya kubandika isiyo na betri yake, dawa ni kiboksi cha DI chenye betri, kile kinachokaa kati na kuifanya pikapu iendane na tundu la maiki. Kile cha LR Baggs kinachoitwa Para DI kinakula betri ya volti 9, ukinzani wake ni megaohmu 10, na kina kitufe cha kukata noti inayonguruma pamoja na kugeuza fezi, yaani kinatatua mambo mawili kwa pamoja. Kama mwenzako anatumia maiki ndogo ya kubana kwenye udi, zile nyingi zinataka umeme wa volti 48 kupitia waya wa maiki, na S1 Pro kwa mfano haitoi huo umeme. Ulizeni kabla.

Kwa hali yenu, chaguo langu la kwanza ni JBL EON One Compact. Kilo 8, spika ya inchi 8, betri ya lithiamu ambayo kiwanda wanasema masaa mpaka 12 na inatoka, ukiwa na ya pili unabadilisha hapo hapo. Kubwa zaidi kwangu ni kwamba ina njia nne, mbili za maiki, moja ya gitaa, moja ya simu. Sauti kwenye ya kwanza, udi kupitia DI kwenye ya pili, gitaa kwenye ya tatu. Imeisha. Msiichanganye na JBL PartyBox, jina moja kazi mbili. PartyBox ni ya kuchezea muziki, ina tundu la gitaa na maiki ndio, lakini imeelemea besi na taa.

Ya pili ni Roland CUBE Street EX. Hii imetengenezwa kwa watu kama nyinyi hasa, spika mbili za inchi 8, kilo 7 na kitu, wati 50, na inakwenda kwa betri nane za AA. Hilo la AA ni zuri na ni baya. Zuri kwa sababu ikizima saa mbili usiku duka lolote la mtaa lina AA, lakini zile za bei rahisi za tochi hazifai, zitakufa ndani ya muda mfupi. Mnunue za kuchaji za NiMH, seti mbili, na chaja nzuri. Kwa nguvu zote inakaa kama masaa matano, kwenye hali ya kubana matumizi Roland wanasema mpaka 20, na kwa vichochoro hali ya kubana inatosha. Sauti yake haina ukali wa kufika mbali kama hiyo JBL, ila kwa gitaa ni tamu.

Kama pesa haifiki huko kabisa, basi tafuteni iliyotumika kabla ya kukimbilia mpya ya matairi. Ampu iliyotumika ya kampuni inayojulikana, betri yake imechoka, bado ni bora, maana betri inanunulika peke yake. Na ikishindikana kabisa na lazima iwe ya dukani, basi chukueni ndogo ya inchi 8, si ya 15, na pesa inayobaki nunueni maiki ya kweli ya waya. Maiki za bure zinazokuja na spika ndo zinazopiga mluzi kwanza. Shure SM58 ipo tangu 1966 na haitaki betri wala volti 48, ila feki zimejaa sokoni, nunueni kwa mtu mnayemjua.

Nendeni dukani na ala zenu, wote watatu, msikubali kusikilizishwa wimbo wa flash. Hata kiboksi kibovu kinaimba vizuri wimbo uliokwisha kurekodiwa. Chomekeni kila kitu pamoja, mmoja atoke nje hatua kumi asikilize maneno. Sikilizeni herufi s, sh, ch na k, zikipotea hapo Forodhani hamtoeleweka, kelele za watu zinafunika hizo kwanza. Zungusheni kitufe cha eko mpaka sifuri, nyengine hata ikiwa sifuri eko bado ipo, hiyo irudisheni. Angalieni kama kuna kile kitu cha kumpa maiki kipaumbele, ambapo ukiongea muziki unashuka wenyewe. Kwa MC ni kizuri, ila kama gitaa mmelichomeka kwenye tundu la nyongeza basi kila ukifungua mdomo kuimba gitaa lako linazama, na ukinyamaza linaruka juu, na kwenye baadhi ya spika hizo hakizimiki. Tikiseni plagi taratibu kwenye tundu mkisikiliza kama inakatakata. Pandisheni volyumu mpaka mwisho bila kupiga chochote, msikie inavuma kiasi gani.

Bluetooth msiitumie kwa chochote mnachopiga kwa mkono, inachelewa na mtapoteana mahadhi. Na mkiwa barabarani izimeni kabisa kama inazimika. Kuna watu wanapita wana simu, mmoja akibonyeza jina la spika yenu kwenye simu yake, katikati ya wimbo wenu unaingia wimbo wake.

Betri: ya asidi inachukia kuachwa tupu. Mkirudi saa tano usiku ichajini usiku huo huo, ikilala tupu wiki mbili imeshapungua uhai. Lithiamu haina tabia hiyo sana, ila isiachwe kwenye gari lililofungwa juani, na ikiwa hamuitumii muda mrefu iacheni nusu, isiwe imejaa wala tupu. Mkialikwa kusafiri kwa ndege, betri ya lithiamu mpaka wati-saa 100 inabebwa mkononi bila ruhusa maalumu, juu ya hapo mpaka 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza.

Uwekaji ni nusu ya kazi. Iinueni spika, ndo nasisitiza, iwe kwenye stendi usawa wa masikio ya mtu aliyesimama. Ikiwa chini, mstari wa mbele unaizuia kwa miguu na wa nyuma hawapati kitu. Kaeni nyinyi nyuma yake kidogo, spika iwe pembeni na mbele ya maiki, na mgongo wa maiki uelekee kwenye spika, kwa sababu SM58 na wenzake hawasikii vizuri nyuma. Udi ukae upande wa mbali na spika, huo mpango peke yake unaweza kuwapa sauti zaidi kuliko kununua ampu kubwa. Kwenye kichochoro msiielekeze ukuta wa mbele, igeuzeni iangalie urefu wa njia. Ufukweni ivisheni maiki sponji, upepo ukiipiga inatoa mapigo makubwa ambayo yanakula betri na kumuumiza msikilizaji.

Chumvi itaziua tundu zenu kabla ya kitu chengine chochote. Kila mkirudi futeni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, chomekeni na kuchomoa plagi mara kadhaa msugue kutu inayoanza, na mfunike. Masika beba mfuko wa nailoni mkubwa ndani ya begi la ampu, si ndani ya gari.

Jambo la mwisho si la ufundi. Waoneni wasimamizi wa bustani na BASFU, baraza la sanaa na utamaduni la Zanzibar, mapema, nendeni na ampu yenyewe muwaoneshe ukubwa wake, kiboksi cha kilo nane kinakubalika haraka kuliko jeneza la matairi lenye taa. Na adhana ikianza ampu izimwe pale pale, msipunguze tu, zimeni, Magharibi hasa maana ndo watu wanaanza kujaa pale, muanze baada ya sala. Wazee wa mtaa wakiliona hilo hawatokuwa na neno na nyinyi.

Kabla hamjalipa popote niandikie udi wa mwenzako una pikapu gani, ya kubandika, ya kupachikwa ndani, au maiki ya kubana, na kama ina betri yake. Kama ina betri yake huenda DI hamuihitaji, na hiyo pesa iende kwenye stendi.